Maktaba Niliyoifuta kwa Barua Moja

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha kwenye kustaafu nikiwa na macho mawili, vidole kumi na sehemu kubwa ya akili. Ninyi vijana wa chumba cha kompyuta mliniomba, siku ile mliyonikatia keki, niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Hiyo zamani ninyi mnaidhani ni enzi za Nabii Nuhu. Mimi naiona kama juzi. Basi nitaandika. Vyeo nitaviacha, kwa kuwa mnavijua, na mishahara nitaiacha kwa kuwa haina la kufundisha. Nitaandika juu ya kazi ambayo ofisi haikunituma, nayo ikanifunza kuliko zote nilizotumwa. Niliwakusanya watu wanaozungumza Kirusi, waliotawanyika huku na huko duniani, wakakaa pamoja mtandaoni kwa ajili ya lugha moja ya programu. Niliifanya nikiwa hapa Durban, na mimi ni Mtanga.

Kwanza niseme Mtanga alikipata wapi Kirusi. Nilipomaliza shule nilipelekwa Odessa kusomea uhandisi wa bandari, nikakaa miaka sita. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa Maalim Mbarak, ambaye hakutuacha tutamke neno la dini bila kutaja tulilipokea kwa nani, na huyo alilipokea kwa nani, hadi mwisho wa mnyororo. Ukimwambia "nimesikia," yeye huuliza, "Kwa sikio la nani?" Kule Odessa nikamkuta mwalimu wa kompyuta, mama mfupi mwenye sauti ya nahodha, aliyeturudishia kadi zetu za matundu, zile tulizoandikia programu, bila kuzitazama iwapo hatukuweza kumweleza kila mstari umetoka wapi. Nilidhani nimesafiri mbali sana. Kumbe lilikuwa darasa lilelile, ila theluji imeongezeka.

Katikati ya miaka ya tisini nikaja Durban, nikapata kazi katika ofisi ya uwakala wa meli, ghorofa ya pili, madirisha yakitazama kreni za bandari. Siku ya kwanza meneja wetu, Bwana Govender, mtu mpole asiyependa maneno, alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha mezani.

"Ulisema unazijua," akasema. "Hii bado hatujafahamiana nayo."

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kupanga orodha za makontena. Aliyekuwa akizichapa orodha hizo kwa taipureta ni Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mwimba kwaya wa kanisa moja la South Beach. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Muzee, hii mashini yako itakula kazi yangu?"

"Itakula ile unayoichukia."

"Bon. Basi ianze na ya Jumatatu asubuhi."

Toka hapo tukawa ndugu, na tukakaa chumba kimoja miaka mingi, yeye na nyimbo zake, mimi na swala zangu, bila mmoja kumtaka mwenzake anyamaze.

Lugha yenyewe ililetwa na meli. Siku moja nikamsikia Kasongo akipaza sauti toka kaunta: "Muzee, kuja! Iko mutu ya bateau hapa, anaongea kile kirusi yako!" Nikamkuta Gennady, fundi umeme wa meli ya mizigo iliyotia nanga Durban kila baada ya miezi miwili mitatu. Aliposikia Kirusi cha Odessa kikitoka chini ya kofia ya viua, aliweka makaratasi yake chini sakafuni, akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza jina langu na la baba yangu, nikamwambia Rajabu, mwana wa Salim. Kuanzia dakika ile nikawa Radzhab Salimovich, kwa desturi yao ya kumwita mtu mzima kwa jina lake na la baba yake, na sikuwa na sababu ya kukataa. Baba yangu hakuwahi kupanda meli, lakini jina lake limesafiri.

Gennady alikuwa na diski mfukoni. Ndani yake mlikuwa na lugha changa ya programu iitwayo Python, yaani chatu. Nikaijaribu, nikaipenda siku hiyohiyo. Katika lugha ile, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari zina maana. Usipoipanga mistari yako sawasawa, haikusikilizi. Niliona ni lugha yenye adabu, inayotaka watu wanyooshe safu kabla ya kuanza. Mke wangu, Bi Mwanaidi, aliposikia kwamba baharia ameniletea chatu, aliuliza kama nitamfugia nyumbani Umbilo au ofisini. Nikamwambia ofisini. Akashukuru, maana tumbili wa Umbilo waliokuwa wakimwibia mikate dirishani walimtosha.

Shida ilikuwa vitabu. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na mabaharia wenzake Gennady walisoma Kiingereza kama mtu anavyokunywa dawa, kidogo na kwa uso uliokunjwa. "Radzhab Salimovich," akaniambia, "wewe una Kirusi, una Kiingereza, na una simu ya ofisi. Tukusanye." Nikamwomba ruhusa Bwana Govender. Akafikiri, akasema nitumie mapumziko ya mchana, mradi makaratasi ya meli za Warusi yasichelewe tena. Hayakuchelewa. Kila nahodha wa Kirusi aliyefika kaunta akawa ananijua kwa jina la baba yangu.

Tulianza watu saba. Ilikuwa orodha ya barua pepe tu: mmoja akiandika, wote wanapokea. Kila adhuhuri nilipiga simu kwa modemu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, nikavuta barua zote, nikakata. Nikaswali, nikala, nikajibu taratibu bila mtandao, kisha nikapiga tena kutuma. Ninyi mliozaliwa na mtandao ukiwa hewani kama hewa yenyewe mtaona ni adhabu. Mimi naona ilikuwa rehema, kwa sababu kati ya kusoma na kujibu palikuwa na wali na sala, na hasira nyingi hufia hapo.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa herufi. Warusi wakati ule walikuwa na namna tatu nne za kuzihifadhi herufi zao kwenye kompyuta, na kila mmoja aliamini ya kwake ndiyo ya haki. Barua ikitoka mashine ya huyu kwenda ya yule ilifika kama majivu yaliyomwagwa. Kasongo alichungulia skrini yangu siku moja akarudi nyuma hatua mbili.

"Muzee, hii ni bulozi. Iko mutu anakuroga."

"Ni barua ya mwalimu wa Kazan, anauliza swali la programu yake."

"Basi umuombee. Vile anaandika, hata Mungu atatafuta lunettes, miwani ya kusomea."

Nikaandika programu ndogo iliyotambua barua imehifadhiwa kwa namna gani na kuigeuza kabla ya kuwafikia wote. Kesi ya pili ilikuwa zile nafasi tupu. Programu za barua zilikuwa zikizimeza njiani, mfano ukafika umevurugika, mtu akalaumu lugha. Tukakubaliana kuandika nukta mahali pa nafasi, na mpokeaji azigeuze. Ilikuwa mbaya machoni, kama nguo iliyotiwa viraka, lakini ilifunika.

Ya tatu haikuwa ya mashine. Watu walianza kujibu maswali kwa kubahatisha. Mmoja asiyejua alimjibu mwingine asiyejua, na wa tatu akalishika jibu hilo kama ndilo. Nikamkumbuka Maalim Mbarak. Nikaweka sharti: kila jibu liishe kwa mstari mmoja unaosema limetoka wapi. Ama "nimejaribu mwenyewe," na mtu aseme kwenye mashine gani, ama "nimepokea kwa fulani", ama "nadhani tu." Kudhani hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kudhani kukavaa kanzu ya kujua.

Yule mwalimu wa Kazan, Arkady Lvovich, mtu hodari na mgomvi, alipinga siku hiyohiyo. "Hapa si madrasa, Radzhab Salimovich," akaandika mbele ya wote.

Nikamjibu, "Kweli si madrasa. Ingekuwa madrasa, ningekuwa na bakora."

Wakacheka, na sharti likakaa. Wakaliita mnyororo. Mwaka wa pili tulikuwa zaidi ya mia tatu, tukaanza kutafsiri kitabu cha maelezo, kila sura na mtu wake, na kila sura ikisomwa na wawili wengine kabla ya kutolewa. Arkady alizisahihisha tafsiri zangu bila huruma. Nilikasirika kwanza, nikafaidika baadaye, ndio utaratibu wangu.

Ndipo alipokuja Tamara Ilyinichna. Alikuwa mkutubi katika mji mdogo wa reli, ng'ambo ya milima ya Ural. Maktaba yake ilikuwa imepewa kompyuta moja, na yeye peke yake, kwa majira mawili ya baridi, alikuwa ameingiza ndani yake kadi za vitabu vyote: kadi elfu nne na mia mbili, zilizoandikwa kwa mkono na wakutubi waliomtangulia, wengine marehemu. Mkurugenzi wake alikuwa amempa muda hadi siku ya kufungua maktaba baada ya likizo ya kiangazi. Siku hiyo wasomaji wangetafuta vitabu kwa mashine mbele ya wakubwa. Ikishindikana, kompyuta ingepelekwa idara nyingine, na kazi ya katalogi, ambayo ndiyo iliyomweka pale, ingefutwa. Haya alituandikia kwa ufupi, bila kujililia, akaomba msaada mdogo: katika kila kadi aliyoingiza mlikuwa na alama moja ya ziada iliyovuruga utafutaji. Je, kuna programu ya kuziondoa zote kwa mara moja?

Swali lake lilifika Ijumaa. Lilikuwa swali jepesi, jibu lake mistari tisa. Nilitaka kuwahi msikitini mjini, nikaandika mistari tisa hiyo kwa kichwa, nikatuma, nikaenda. Msidhani naisingizia swala. Swala haikuniharakisha, niliharakishwa na nafsi yangu, iliyotaka kumjibu mama wa watu kabla Arkady hajamjibu. Ningeweza kungoja hadi Jumamosi.

Jumatatu nikakuta barua yake. Naikumbuka kama nilivyoisoma:

"Radzhab Salimovich mheshimiwa, programu yako imemaliza kazi kwa sekunde moja, nikafurahi kwa wepesi wake. Kisha nikafungua katalogi, nikaikuta tupu. Nimekosea wapi?"

Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Katika lugha ile, kama ilivyo katika nyingi, ukilifungua faili kwa kuandika, hufutwa lote palepale, hata kama bado hujasoma neno. Kwa hiyo faili la kusomwa na faili la kuandikwa lazima yawe mawili. Pale ofisini yalikuwa mawili siku zote. Programu niliyoiwasha kila asubuhi ilinakili kila kitu kabla sijagusa chochote, nami nilikuwa nimezoea usalama huo hata nikausahau. Katika mistari tisa ya Ijumaa niliandika jina moja la faili mara mbili. Nikamwambia afute maktaba yake, naye akatii. Diski yake ya akiba ilikuwa na kadi za herufi tatu za mwanzo tu.

Hilo lilikuwa kosa, na makosa tunayo sote. Kilichonitisha kilikuwa chini ya jibu langu, mstari wa mwisho: "Nimejaribu mwenyewe, Durban."

Sikuwa nimejaribu. Tena sikuwa nimeuandika mstari ule. Miezi kadhaa kabla nilikuwa nimechoka kuuandika kila siku, maana kwa kweli nilikuwa najaribu kila jibu, nikaiamuru programu yangu ya barua iuweke yenyewe chini ya kila nitakachotuma. Mtengeneza programu hapendi kurudia, na ninyi mnajua. Akifanya jambo mara tatu, ya nne huipa mashine. Mimi niliipa mashine ushahidi wangu. Maalim Mbarak angeniuliza "kwa sikio la nani?" na hapakuwa na sikio lolote, palikuwa na mpangilio wa programu.

Kasongo aliacha kuchapa.

"Muzee, uko na uso ya mutu alipita robot nyekundu, ile taa ya barabara, akaona polisi mbele."

Nikamweleza yote. Akafikiri, akazungusha kiti.

"Andikia ule mama kompyuta yake ilikuwa mubovu. Kule iko baridi sana, hata kiangazi, mashini inashikwa na baridi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na Mungu atajua."

"Eish, Mungu anajua tayari, hakuna haja ya kumuandikia. Ni ule mama ndiye hajui. Anafikiri kosa ni yake." Akanikazia macho. "Nilikuwa nakupima tu, Muzee. Andika."

Katika dini niliyofundishwa, kosa baina yako na Mola wako unaweza kulitubia sijdani. Kosa lililochukua haki ya mtu halifutiki mpaka umrudishie mwenyewe. Nikaandika, tena nikaiandikia orodha nzima. Nikaeleza kosa la mistari tisa, nikaeleza na lile kubwa zaidi la mstari wa kumi. Nikasema majibu yangu ya miezi yote ile yasitegemewe kwa ule mstari, na kwamba wakitaka mlezi mwingine wa orodha, niko tayari kukabidhi. Ilikuwa barua ndefu.

Adhuhuri ya siku ya pili zikaja barua arobaini na kitu. Arkady alikuwa wa kwanza, kama nilivyotazamia: "Kwa hiyo mnyororo umekatika kwenye pete yake ya kwanza. Tuufute."

Chini yake palikuwa na Gennady, aliyepata nafasi ya kuandika kutoka bandari fulani ya Ulaya: "Mnyororo haukukosa, Arkady Lvovich. Aliyekosa ni aliyeiachia mashine iape kwa niaba yake. Wewe una mashine ngapi zinazoapa? Radzhab Salimovich, acha kulia, tuambie ni kadi ngapi."

Na Tamara mwenyewe: "Radzhab Salimovich, barua yako ni nzuri, nimeisoma mara mbili. Sasa iweke kando. Sina nafasi ya majuto yako, nina kadi elfu nne na wiki tisa. Ukitaka kutubu, tubu kwa vidole."

Nilimsomea Kasongo kwa Kiswahili. Akapiga meza. "Ule mama angekuwa mchungaji kwetu, kanisa lingejaa."

Hapo ndipo nilipoona tumejenga nini. Kadi zilikuwa kwenye masanduku yake ya mbao, mikono ilikuwa imetawanyika miji ishirini. Tamara akasema yeye anaishi mitaa miwili kutoka stesheni, na treni hupita kila siku. Kwao kuna desturi: mtu humkabidhi kifurushi mhudumu wa behewa, na ndugu hukipokea kwenye jukwaa la mji wa mbele. Wametumiana hivyo jamu, viatu na hata paka. Sasa wakaanza kutumiana maktaba. Kila sanduku lilifungwa kwa utepe, likaandikwa herufi zake na jina la atakayelipokea; mwenzetu akalingoja stesheni, akaliingiza kwenye kompyuta, akalirudisha kwa treni ya kurudi, na kazi yake akaituma kwa barua pepe.

Sanduku zito kuliko yote, la herufi K, liliombwa na Arkady Lvovich. Hakueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Alikosea behewa jukwaani, treni ikaondoka na sanduku, likafika Moscow, likarudi baada ya siku nne. Tamara hakulala vizuri siku hizo nne, wala mimi. Lilipopokewa, ndani yake mlikuwa na karatasi ya mhudumu wa behewa: alikuwa amezisoma kadi zote njiani kwa kukosa la kufanya, anaomba kuazima vitabu vitatu.

Mimi je? Kadi halisi Tamara alikataza zisivuke mpaka, na alikuwa na haki. Nikapewa kazi mbili. Ya kwanza ni programu ya kukagua kazi zinazoingia: mwaka usiowezekana, namba ya rafu iliyorudiwa, jina la kitabu lisilo na mwandishi. Safari hii nilitengeneza katalogi ya bandia, nikamwita Kasongo.

"Iharibu."

"Namna gani?"

"Namna yoyote. Gusa usichokijua."

"Hiyo ndiyo kazi nilizaliwa nayo," akasema, akakaa. Hakujua herufi moja ya Kirusi, na kwa hiyo alikuwa mjaribu bora kuliko mimi. Alibonyeza mahali ambapo mtu mwenye akili asingebonyeza. Programu ilianguka mara sita. Ya saba ikasimama. Ndipo nikaituma, na mstari wa mwisho niliuandika kwa mkono, herufi kwa herufi: nimejaribu mimi, na Kasongo, Durban. Warusi wakataka kujua jina la baba yake. Anaitwa Mutombo, basi akawa Kasongo Mutombovich, naye alilipenda jina hilo mno hata akawaambia wanakwaya.

Kazi ya pili ilifika kwa meli. Mwenzetu wa Odessa alikuwa ametumiwa nakala za picha za kadi za sanduku moja dogo, akampa Gennady, na Gennady akaziweka mezani petu wiki ya saba, zikinuka mafuta ya mashine. Kadi mia moja na sitini. Kasongo akazoea kuniimbia namba za rafu kwa sauti ya pili ya kwaya, maana tarakimu hazina taifa, nami nikachapa majina. Bwana Govender alipita siku moja, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Hizi ni namba za makontena?" akauliza.

"Ni vitabu, bwana. Nilivipoteza."

"Vya nani?"

"Vya mji mmoja ng'ambo ya Ural."

Akatazama kreni dirishani, akatazama karatasi, akavuta kiti. Alichukua fungu la pili akaanza kusoma badala ya Kasongo ili koo lake lipumzike. Hakuwahi kuniuliza zaidi, na sikumsikia akilitaja tena.

Kazi zote zilikuwa zimeingia siku tatu kabla ya ufunguzi. Ukaguzi ukakuta makosa mia na kumi na moja, kumi na manne yakiwa yangu. Tamara akayasahihisha kutoka kwenye kadi zenyewe. Kisha akanyamaza. Siku ya ufunguzi nilipiga modemu adhuhuri, hakuna kitu. Nikapiga alasiri, hakuna. Nilipunguza maneno, Bi Mwanaidi akadhani naumwa. Kesho yake adhuhuri barua ikaja, nikamwambia Kasongo asogee, nikaisoma polepole nikiigeuza kwa Kiswahili.

Aliandika kwamba wakubwa walikuja, mkurugenzi akatoa hotuba, na msomaji wa kwanza akaitwa mbele. Alikuwa mzee mstaafu wa reli, anayetaka kitabu cha ufugaji nyuki. Tamara akaandika neno, mashine ikatoa namba ya rafu. Mzee akaenda, akarudi na kitabu mkononi. Mkurugenzi akamuuliza anaionaje mashine mpya.

"Nzuri," mzee akasema. "Ila Tamara Ilyinichna alikuwa akinipa kitabu hiki kila mwaka bila mashine, tena upesi zaidi."

Ukumbi ukacheka, mkurugenzi naye akacheka, na kompyuta ikabaki maktaba. Tamara pia akabaki. Mstari wa mwisho wa barua ulisema kwamba vitabu vitatu vya mhudumu wa behewa vimeondoka na treni ya asubuhi.

Kasongo alisogeza kiti chake karibu zaidi.

"Ule muzee wa nyuki," akasema, "kitabu anakisoma kila mwaka?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi ni mutu wa imani."

Nikaondoka nikaswali rakaa mbili za shukrani nyuma ya kabati la mafaili, palipokuwa pahali pangu. Niliporudi, barua mpya zilikuwa zimekwisha ingia, maswali tisa, moja la baharia, mengine ya watu nisiowajua. Hakuna aliyeitaja maktaba. La kwanza lilikuwa jepesi, jibu lake nilikuwa nalo kichwani tayari. Nikakata simu ya modemu, nikalijaribu kwanza kwenye mashine.